UVIMBE WA TAYA SI JINI: MPELEKE MWANAO HOSPITALI



Ndugu zangu wa Ludewa na kwingineko, leo nasema na wewe mzazi ambaye kijana wako kavimba taya na bado unazunguka kwa waganga.

Upo uvimbe unaitwa ameloblastoma. Huota ndani ya mfupa wa taya, mara nyingi taya la chini, kutokana na chembe zinazotengeneza meno. Si saratani. Hukua polepole, mara nyingi bila maumivu. Shavu linajaa upande mmoja, meno yanalegea na kuhama. Na kwa kuwa hauumi, watu wanasema: huyu karogwa!

Nani kakwambia? Mganga anayetaka mbuzi wako? Au yule anayejiita shekhe wa ruqya, anayedai laki mbili amtoe jini shavuni? Kisomo tunakikubali. Msomee mwanao wewe mwenyewe, kila siku, bure. Lakini Mtume (s.a.w.) alituamrisha tujitibu. Anayekusomea huku akikuzuia kwenda hospitali si mwalimu, ni mchuuzi.

Na ukishasema karogwa, lazima umtafute mchawi. Utamnyooshea kidole bibi kizee jirani. Tumesahau mwaka 2019? Mkoa wetu wa Njombe ulizika watoto waliouawa, na serikali ikataja imani za kishirikina. Dhana mbaya ni dhambi, na dhambi hii inaua.

Wengine mnasema, "Ang'olewe jino tu." Jino likitoka, uvimbe unabaki mfupani. Ukikwanguliwa tu, mara nyingi hurudi, hata baada ya miaka. Tiba ni upasuaji. Anapigwa eksirei, kinyama kinapimwa, maana uvimbe mwingine wa taya ni saratani kweli, kisha madaktari bingwa wa kinywa na taya wanaamua. Ukiwahi, huenda wakatoa kidogo. Ukichelewa, wanaondoa kipande kikubwa cha taya lenyewe. Na baada ya hapo arudi kuangaliwa kwa miaka.

"Nauli hatuna." Najua, Mbeya ni mbali, Muhimbili mbali zaidi. Mbona mbuzi wa mganga alipatikana? Anzia hospitali ya wilaya, uombe rufaa. Nasi wa msikitini, sadaka ya Ijumaa isiishie kwenye mazulia na vipaza sauti. Imsafirishe mgonjwa.

Mtoto ni amana, na kwa amana utaulizwa. Mfikishie ujumbe huu mwenye mgonjwa nyumbani.

Wallahu a'lam.