Nyinyi mafundi wa ovakloki, hebu tusikizane

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo narudi na hasira kidogo, mniwie radhi.

Jirani yangu hapa Kibokoni, kijana wa miaka ishirini na kitu, riziki yake ni kuhariri video za harusi. Kompyuta yake si ya kujivunia. Kadi ya grafiki ni Radeon RX 580 ya GB 8, aliinunua ikiwa imeshatumika. Harusi zilipofululiza kabla ya Ramadhani akaona kazi zinamzidi, akaibeba kompyuta kwa fundi mmoja wa mjini aliyemwambia ataipandisha kasi kwa shilingi 1,500. Ndiyo hiyo ovakloki: chipu inalazimishwa ipige mapigo mengi kwa sekunde kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Fundi akapandisha chipu kutoka megahezi 1340 hadi 1450, memori kutoka 2000 hadi 2250, akalegeza na kikomo cha umeme. Akafungua gemu dakika moja, namba ya fremu ikapanda, kijana akalipa akaenda zake.

Nyumbani, kipande cha harusi kilichokuwa kikitoka kwa dakika 9 na sekunde 40 sasa chatoka kwa dakika 11 na sekunde 20. Kipande kile kile! Akanijia usiku, mama wa bibi harusi ameshapiga simu mara tatu. "Kaka, kadi imekufa hii. Nishapata mtu wa kuiuzia, nitakopa niongezee ninunue nyingine."

Nikamwambia usiuze kitu, lete hapa.

Tukafungua HWiNFO, programu ya bure inayosoma vipimo vyote vya ndani. Kwenye kadi kama hii kuna mstari unaohesabu makosa ya memori. Kabla dakika mbili hazijaisha hesabu ilikuwa imeingia maelfu. Nikairudisha memori 2000, hesabu ikatulia kwenye sifuri. Fundi hakuuangalia mstari huo hata mara moja. Sijui kama anajua upo.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapodanganyika. Zamani ukiipeleka memori mbio kupita uwezo wake, kioo kilikuambia: vidoti vya rangi, picha kuchanika, mashine kuganda. Ulikuwa unajua umevuka mpaka. Memori ya GDDR5 ilileta utaratibu mwingine. Kila fungu la data linalopita njiani linapigiwa hesabu ya ukaguzi pande zote mbili, na hesabu zisipolingana data inatumwa tena. Kampuni ya AMD iliuweka ukaguzi huo kwenye Radeon HD 5870 iliyotoka Septemba 2009, kwa hivyo si habari ya jana. Matokeo yake, kioo kinabaki safi kabisa huku ndani kazi inarudiwa na kurudiwa. Mfikirie hamali wa Marikiti anayesukuma mkokoteni wa maembe kwa mbio. Ukimtazama miguu utasema huyu ni hodari. Lakini maembe yanamwagika kila hatua kumi, anarudi kuokota, na mwenzake aliyekwenda taratibu ameshashusha mzigo. Megahezi 2250 ni ile miguu. Mwenye duka anangoja maembe.

La pili ni joto. Kikomo cha kiwandani cha RX 580 ni wati 185, na fundi alikilegeza zaidi. Wati hizo zote mwisho wake ni joto, na joto lazima liende mahali. Sasa Mombasa msimu wa kaskazi, Januari hadi Machi, mchana nje ni nyuzi 32 au 33 na hewa imejaa unyevu. Chumba cha huyu kijana kiko juu chini ya mabati, dirisha amelifunga kwa sababu ya vumbi, na kasha la kompyuta limesukumwa ukutani chini ya meza. (Waliojenga nyumba za Mji wa Kale walijua mambo haya bila kompyuta: kuta nene za matumbawe, dari refu, roshani, vichochoro vya kuvuta upepo. Sisi tukapandisha ghorofa la mabati juu yake.) Kadi ikifika nyuzi zake za mwisho inajishushia kasi yenyewe ili isiungue. Nilikaa nikiitazama: dakika ya kwanza 1450, dakika ya kumi inachezea 1200 na kitu. Yaani imeangukia chini ya ile 1340 aliyokuwa nayo kabla ya kutoa pesa.

Ndiyo maana mafundi mnapenda kipimo cha dakika moja. Dakika moja kadi bado ni baridi na feni inaunguruma vizuri. Mteja wenu anafanya kazi saa nne mfululizo.

Najua jibu lenu: mbona wenzetu kwenye video wanafanya na inafanya kazi? Wenzenu hao wengi wako Ulaya au Marekani, chumba kina nyuzi 20, na kadi ina feni mpya na pesti mbichi. Kadi yetu imekuja na historia yake. Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki Septemba 2022, kadi nyingi zilizokesha migodini zilimwagika sokoni duniani kote, na RX 580 ilikuwa mojawapo ya vipenzi vya wachimbaji. Ukiuziwa iliyotumika hujui ilikesha wapi. Ongeza vumbi na hewa ya chumvi ya hapa kwetu.

Na kweli ovakloki iliwahi kuwa na maana. Celeron 300A ya mwaka 1998 watu waliitoa megahezi 300 hadi 450 kwa kubadilisha basi kutoka 66 hadi 100, nusu ya kasi nzima bure! Kiwanda kiliacha nafasi kubwa. Leo kadi inajipandisha yenyewe kadiri joto na umeme unavyoruhusu. Nvidia walianza hivyo na GTX 680 mwaka 2012. Nafasi mnayoiuza kwa 1,500 kiwanda kimeshaila.

Tulichofanya sisi ni kinyume. Memori 2000, chipu 1340 yake ya asili, kikomo cha umeme pale pale pa kiwandani, kisha tukapunguza volteji kidogo kidogo kutoka milivolti 1150, kila hatua tukiijaribu nusu saa, hadi 1075. Umeme wa chipu hufuata volteji mara volteji, kwa hivyo punguzo hilo dogo hukata karibu asilimia 13 ya matumizi ya chipu kwa kasi ile ile. Tukapuliza vumbi, tukapaka pesti mpya, tukalivuta kasha mbali na ukuta. Joto lilishuka kutoka nyuzi 84 hadi 73, na kipande cha harusi kikatoka kwa dakika 9 na sekunde 15. Video ilifika kwa mama wa bibi harusi asubuhi yake.

Kijana alirudi kudai 1,500 zake. Akaambiwa kadi yake ni mbovu, walimwonyesha namba ikipanda na yeye aliona kwa macho yake.

Sawa. Basi na mimi nataka kuona. Fundi yeyote wa ovakloki hapa kisiwani achague kadi yake, aipandishe atakavyo, tuiwashe chumba kile cha mabati saa nane mchana, video ile ile, tuanze kuhesabu kuanzia dakika ya ishirini. Saa nashika mimi. Baada ya Alasiri nipo barazani.