Watoto Wafundishwe Programu za Tarakilishi kwa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Kwa mujibu wa hekima hiyo, mataifa kadhaa yameanza kuwafunza watoto wa shule kuunda programu za tarakilishi wangali wadogo. Huko Uingereza, mtaala ulioanza kutumika Septemba 2014 huwafunza watoto misingi ya taaluma hii tangu umri wa miaka mitano. Nchini Kenya, usambazaji wa vishikwambi katika shule za msingi za umma ulianza mwaka wa 2016, na mnamo 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya uundaji wa programu kwa shule za msingi na za upili. Hatua hizi ni za kupongezwa. Hata hivyo, lipo swali ambalo limepuuzwa: mtoto huyu atafundishwa kwa lugha gani?

Swali hili si dogo. Programu ni mfululizo wa maagizo yaliyopangwa kwa utaratibu usio na utata. Binadamu akiambiwa apike chai, hujaza mwenyewe yale yasiyosemwa. Mashine haikisii. Sharti iambiwe ipime maji, iyateleke, isubiri hadi yachemke, na ikiwa sukari haipo, ifanye nini. Hivyo basi, kazi kubwa ya anayeunda programu ni kufikiri, na mtoto hufikiri kwa lugha anayoimudu. Maneno kama "ikiwa", "la sivyo", "hadi" na "rudia" ndiyo uti wa mgongo wa programu yoyote, na mtoto wa Kenya huyatumia kila siku anapocheza.

Ukweli huu ulitambuliwa zamani. Mnamo 1967, Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, walibuni lugha ya Logo kwa ajili ya watoto nchini Marekani. Baadaye lugha hiyo ilisifika kwa kobe wake aliyechora maumbo kwa kufuata maagizo. Kwa Kiswahili, agizo la kuchora mraba lingekuwa: rudia mara 4, songa hatua 100, geuka kulia digrii 90. Mtoto anayeielewa sentensi hiyo amekwisha kuelewa dhana ya urudiaji pamoja na pembe za mraba.

Fauka ya hayo, Kiswahili kina hazina ambayo mwalimu anaweza kuitumia. Tarbia yenye mishororo minne, mizani 16 na vina vya kati na vya mwisho hutungwa kwa kanuni ambazo zikikiukwa, kosa huonekana papo hapo. Kibwagizo hutungwa mara moja tu, kisha hurejelewa kila ubeti unapokamilika. Upatanisho wa kisarufi nao hufuata masharti: ngeli ya nomino ikibadilika, viambishi navyo hubadilika. Mwanafunzi aliyezoea kanuni za aina hii si mgeni katika fikra za tarakilishi.

Wapo watakaopinga wakidai kwamba lugha za programu zenyewe zimejaa Kiingereza. Hoja hii ina ukweli, ila haina uzito mkubwa. Python, ambayo hutumika sana shuleni na vyuoni, ina maneno maalumu 35 pekee katika matoleo yake ya sasa. Majina mengine mengi huchaguliwa na mwandishi wa programu. Hakuna kinachomzuia mwanafunzi kuandika "jumla", "bei" au "idadi". Aidha, Scratch, iliyozinduliwa mwaka wa 2007 na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, inaweza kutumiwa kwa Kiswahili. Basi chombo kipo. Kinachohitajika ni vitabu na walimu walioandaliwa.

Ni kweli pia kwamba Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila mtoto nchini. Lakini ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na watoto wengi huisikia sokoni na redioni kuliko Kiingereza. Endapo somo hili litafundishwa kwa Kiingereza pekee, mtoto wa kijijini ataonekana ameshindwa na tarakilishi ilhali alichoshindwa nacho ni lugha ya mwalimu. Teknolojia iliyotarajiwa kuziba pengo kati ya maskini na tajiri itakuwa imelipanua.

Lawama hizi zisielekezwe kwa serikali peke yake. Wanakiswahili wamejadili kwa miaka mingi kama kifaa hiki kiitwe tarakilishi, kompyuta au ngamizi, huku dhana zinazofundishwa kwacho zikikosa istilahi zinazokubalika. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mnamo 2004 ulidhihirisha kwamba kazi ya aina hii inawezekana wataalamu wa lugha na wa tarakilishi wakishirikiana. Istilahi zikishaundwa, zipelekwe darasani zipimwe na watoto wenyewe, zisibaki kabatini.

Wala ukosefu wa umeme usiwe kisingizio. Nchini New Zealand, Tim Bell na wenzake walibuni njia ya kufunza misingi ya taaluma hii kwa kadi, kamba na michezo, bila tarakilishi yoyote. Michezo kama hiyo inaweza kuchezwa chini ya mwembe, kwa Kiswahili sanifu, na mwanafunzi wa chuo kikuu aliye katika mazoezi ya kufundisha. Chambilecho wahenga, mcheza kwao hutuzwa. Uwanja u wazi. Ni juu ya vyama vya Kiswahili vyuoni kuingia na kucheza.