Kupotea Njia Ndiko Kujua Njia

Mwaka 1968, Pink Floyd, bendi ya Uingereza ya roki ya saikedelia, ilitoa albamu yake ya pili, A Saucerful of Secrets. Kabla haijakamilika, Syd Barrett, mtunzi wao mkuu, alikuwa ameondoka. Wenzake wangaliweza kumwiga tu. Badala yake, Roger Waters na Nick Mason, waliowahi kusomea usanifu wa majengo, walichora kwanza ramani ya kibao cha takribani dakika 12 kisicho na maneno. Nikiwa mwanaisimu, naisikia sarufi humo: wasiwasi, vurumai, kisha utulivu.

Walimu wenzangu, tukutanapo na insha iliyokiuka mazoea, tusikimbilie kalamu nyekundu. Tuulize kwanza: je, ina mpangilio wake? Ikiwa inao, mwanafunzi hajakosea, amethubutu.