Lori lililolala foleni ndilo linalozidisha mzigo

Kila mashimo mapya yakitokea kati ya Mikumi na Iringa, lawama inabisha hodi mlango uleule: malori yanazidisha uzito. Lawama hiyo ni ya kweli. Lakini tumeirudia miaka nenda rudi, tumejenga mizani, tumetunga sheria ya Jumuiya nzima ya Afrika Mashariki, tumetoza faini, na bado yupo mwenye gari anayeona heri ajaribu bahati yake. Maoni yetu ni haya: mizani iendelee kubana bila huruma, ila serikali ikitaka kuumaliza ugonjwa huu, ipunguze siku ambazo lori linapoteza likiwa limesimama. Lori linalozunguka haraka halihitaji tani ya wizi.

Tuanze na barabara yenyewe. Kati ya mwaka 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, wahandisi walivijaribu vipande vya barabara walivyokuwa wamevijenga kwa unene tofauti: askari walipewa malori yenye mizigo tofauti wavipitie tena na tena, zaidi ya mara milioni moja. Kanuni iliyotoka pale imekuwa msingi wa sheria za uzito katika nchi nyingi: uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito. Ekseli ikibebeshwa mara mbili, inaumiza lami mara 16. Ekseli ya tani 10 ikipandishwa hadi tani 12, mwenye mzigo anaona ameongeza tani mbili tu, lakini barabara inahesabu ekseli mbili zimepita badala ya moja. Kwa kanuni hiyohiyo, ekseli halali ya tani 10 inaumiza sawa na ekseli 160,000 za gari dogo zenye nusu tani kila moja. Kwa hiyo wenye magari madogo hawahusiki na mashimo yale, ingawa wanayachangia matengenezo yake kila wanapojaza mafuta, kwa tozo inayokwenda Mfuko wa Barabara.

Milimani hali ni mbaya zaidi. Lori lililojaa likipanda mlima wa Kitonga kwa mwendo wa mtu anayetembea, kila tairi linaikandamiza lami kwa muda mrefu, na lami iliyopigwa na jua inasukumwa pembeni kidogo kidogo. Ndiyo asili ya ile mifereji miwili inayovuta usukani wa gari dogo na kujaa maji wakati wa mvua.

Kwa sababu hizo, Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, imeweka mipaka iliyo wazi. Ekseli ya mbele ni tani 8. Ekseli mbili za nyuma zenye tairi nane ni tani 18. Ekseli tatu za tela zenye tairi 12 ni tani 24. Jumla, lori la ekseli sita linaishia tani 50, na kikomo cha juu kabisa kwa lori la kawaida ni tani 56. Ukitoa uzito wa kichwa na tela, mzigo wenyewe unabaki tani 30 na kidogo. Hapo ndipo biashara yote ilipo, na hapo ndipo kishawishi kinapoanzia.

Tunakumbuka mvutano wa Oktoba 2013. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alifuta nafuu ya asilimia 5 ambayo wasafirishaji walikuwa wameizoea. Wenye malori wakagoma, magari yakasimama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akairudisha nafuu hiyo. Wengi waliona asilimia 5 ni kitu kidogo cha kugombania. Lakini ekseli iliyozidi kwa asilimia 5 inaongeza uharibifu kwa zaidi ya asilimia 21. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na aliyelia baadaye ni bajeti ya matengenezo.

Hata hivyo, si kila anayekamatwa mizani ni mwizi. Chukua lori lililopakia mifuko ya mbolea Dar es Salaam. Vigwaza, ambako magari hupimwa yakiwa katika mwendo, tiketi inasema kila ekseli iko sawa. Njiani kuna matuta ya vijijini, kona za mlimani na breki za ghafla. Mifuko iliyopangwa bila kubanwa vizuri inateleza taratibu kuelekea mbele. Likifika Makambako, ekseli za kichwa zimezidi na za tela zimepungua. Uzito wa jumla haujaongezeka hata kilo moja. Kama dereva hajaongeza mafuta njiani, umeshuka kwa zaidi ya kilo 200 za dizeli iliyoungua. Lakini kosa ni kosa. Dereva na utingo wanapanda juu, wanafungua kamba na turubai, wanahamisha mifuko kwa mikono huku nyuma yao foleni inarefuka. Aliyepakia vibaya yuko ghalani kwake mamia ya kilomita nyuma, anapakia lori lingine.

Sasa twende kwenye daftari la mwenye gari. Gharama zake ni za aina mbili. Ziko zinazofuata kilomita: dizeli, ambayo lori lililojaa linaweza kunywa lita 40 kwa kilomita 100, pamoja na tairi, springi, klachi na breki. Na ziko zinazofuata kalenda: marejesho ya mkopo, bima, leseni, mshahara wa dereva. Hizi za pili hazijui kama gari linatembea au limelala. Lori likikaa siku nne kwenye foleni ya mpakani, benki inahesabu siku nne, bima inahesabu siku nne, na dereva anakula posho ya siku nne. Mwenye gari aliyebanwa hivyo anatafuta fidia mahali pekee anapoweza kupagusa, yaani juu ya tela.

Tupige hesabu ya mfano. Lori linabeba tani 30 halali, na safari ya kwenda na kurudi inakula siku 20. Kwa mwaka ni safari 18, sawa na tani 540. Mwenye gari akiongeza tani tatu za wizi kila safari, anafika tani 594. Sasa aache wizi, abaki na tani zake 30, lakini safari ipungue kutoka siku 20 hadi 15. Atapata safari 24 kwa mwaka, sawa na tani 720. Wizi ulimpa tani 54 za ziada. Muda umempa 180. Ni kweli kwamba safari za ziada zinakula dizeli, lakini mkopo na bima haviongezeki hata shilingi moja, wakati tani za wizi zinakula dizeli, tairi na springi, na kumweka roho juu kila anapokaribia mizani.

La kwanza, basi, ni muda. Siku hizo tano hazijafichika. Ziko kwenye geti la bandari, lori likisubiri nyaraka ambazo zingeweza kuwa tayari kabla halijaondoka karakana. Ziko mizani, pale lori lililopimwa likakutwa halali linapopimwa tena na tena kana kwamba halijulikani. Ziko mpakani Tunduma. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilifunguliwa Oktoba 2019 na Magufuli, wakati huo akiwa Rais, pamoja na Rais Edgar Lungu wa Zambia, ili maofisa wa nchi mbili wamalize kazi chini ya paa moja. Lilikuwa jambo jema, lakini jengo peke yake haliondoi foleni. Mtandao wa kompyuta ukikatika upande mmoja, au ofisa mmoja akikosekana mezani, pande zote mbili zinasimama. Kwa mzigo wa Lubumbashi, Kongo, kuna mpaka mwingine mbele, Kasumbalesa, ambako madereva wetu wamezoea kupikia chini ya matela. Na wale wa matangi ya mafuta wana hasara ya ziada: wanakwenda wamejaa na kurudi watupu, kwa kuwa tangi la dizeli halibebi shaba ambayo malori mengine hurudi nayo.

La pili ni anayepakia. Kiwanda cha saruji, ghala la mbolea, mgodi na machimbo ya kokoto wanajua walichokiweka juu ya lori. Wengi wana mizani yao wenyewe, maana wanauza kwa tani. Lakini barabarani anayesimamishwa ni dereva, mtu asiye na sauti wakati wa kupakia na ambaye akikataa mzigo uliozidi, kuna mwenzake getini anayeusubiri. Dalali naye anamshusha bei mwenye gari moja au mawili mpaka safari halali inakuwa ya hasara. Tunataka faini iufuate mzigo ulikotoka. Lori likikutwa limezidi katika mizani ya kwanza baada ya kiwanda, mwenye kiwanda aandikiwe faini pamoja na mwenye gari. Mchezo huu ukianza kugusa mahesabu ya wenye bidhaa, utapungua bila kuongeza askari hata mmoja.

La tatu ni uhandisi, na hapa kuna njia halali ya kupata tani zaidi. Kikomo kinapima gari pamoja na mzigo. Kila kilo inayopungua kwenye chuma cha tela ni kilo inayolipiwa kwenye mzigo, safari hii na zote zijazo. Tela lililoundwa kwa chuma chembamba chenye nguvu zaidi, au tangi la alumini badala ya la chuma, linaweza kumrudishia mwenye gari tani moja au mbili ambazo leo anaziiba. Matela yanaundwa hapahapa Afrika Mashariki, Dar es Salaam na Mombasa. Serikali ingepunguza kodi ya malighafi ya matela mepesi, ingepata zaidi kuliko inavyopata kwa kuongeza faini. Kwa upande mwingine, wanaong'oa tairi pacha na kufunga moja pana kila upande ili kupunguza uzito wa gari wajue kwamba sheria inaipa ekseli ya namna hiyo uzito mdogo zaidi. Tairi moja, hata likiwa pana, linagusa lami eneo dogo kuliko pacha.

Wapo watakaosema dawa ni reli. Tunakubaliana nao kwa mzigo mzito wa masafa marefu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa kazi hiyohiyo, na kuirudisha kwenye nguvu yake kutaipunguzia barabara mzigo mkubwa. Lakini saruji ya Sumbawanga na mbolea ya Songea zitaendelea kufika kwa lori. Mjadala wa reli usiwe kisingizio cha kuacha foleni za leo zilivyo.

Mamlaka zinapenda kutangaza idadi ya magari yaliyokamatwa na fedha zilizotozwa. Takwimu hizo zinatuambia ugonjwa upo, jambo tunalolijua. Tunaomba moja mpya: kila mwezi Wizara ya Ujenzi, Mamlaka ya Bandari na Mamlaka ya Mapato kwa pamoja zitangaze wastani wa saa ambazo lori hutumia kutoka geti la bandari hadi kuvuka mpaka wa Tunduma, na kati ya hizo ni ngapi lilikuwa limesimama. Saa hizo zisipopungua, watu waulizwe kwa majina ya ofisi zao. Zikipungua na lori bado likakutwa limezidi, lizuiwe palepale, mzigo ushushwe, na utetezi wa mwenye gari usisikilizwe.