Uchafu wa mboga huanzia bustanini

Mtu akiumwa tumbo nyumbani, wa kwanza kulaumiwa ni mama, kwamba hakuosha mboga vizuri. Mimi naona mara nyingi anaonewa.

Tuchukue mfano wa Marekani. Septemba 2006 watu wapatao 200 katika majimbo 26 waliugua kwa kula spinachi mbichi. Watatu walifariki, na wengine figo zilishindwa kufanya kazi. Wala haikuwa mboga ya kupangwa chini gengeni. Ilikwisha kuoshwa kiwandani na kufungwa katika mifuko, tayari kwa kuliwa. Wachunguzi waliifuatilia hadi California, na jirani na shamba wakamkuta bakteria yule yule, E. coli O157:H7, katika kinyesi cha ng'ombe, katika maji ya mto, na katika kinyesi cha nguruwe pori (naam, nguruwe!) waliozurura eneo lile. Alivyofika hasa kwenye majani haikuthibitishwa.

Kuosha hakukutosha kwa sababu bakteria hawa hung'ang'ania jani, hujificha penye mikwaruzo na mikato, na wachache tu wanatosha kumwangusha mtu.

Hapa sisi Waislamu tunajidanganya kidogo. Tumezoea kuyapima maji kwa rangi, harufu na ladha. Kipimo hicho ni cha tohara, na kwa kazi hiyo hakina kasoro. Lakini bakteria hana rangi wala harufu. Maji yanaweza kufaa kwa udhu, yasifae kumwagilia saladi.

Mkulima wa bondeni anayechota mto unaopokea maji ya vyoo, au anayemwaga samadi mbichi siku chache kabla ya kuvuna, anatuletea balaa lisilomalizwa na beseni la jikoni. Samadi irundikwe, ipate joto na kuoza kabisa kwanza. Maji yamwagwe kwenye udongo, si juu ya majani. Nasi tumuulize muuzaji: mboga hii imenyweshwa maji gani? Atacheka. Tukiuliza wengi, atakwenda kumuuliza mkulima.

Mchicha wa kupikwa haunitishi, moto unaua. Hofu yangu ni kachumbari na saladi. Penye mtoto mdogo, mjamzito au mzee, majani mabichi wasipewe mpaka mjue yalikolimwa.