Wafundisheni Kabla ya Kuwatuma: Risala ya Ngara na Biharamulo kwa Vyuo Vikuu

Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo, waheshimiwa Wakurugenzi wa Utafiti, ndugu wahadhiri,

Tunaowaandikia ni wasaidizi wa utafiti, wakalimani, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watendaji wa vijiji wa wilaya za Ngara na Biharamulo. Mtafiti anaposhuka kwenye basi Nyakanazi au Ngara mjini, sisi ndio tunaompokea. Tunampeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, tunayauliza maswali yake kwa Kihangaza, Kishubi au Kisukuma, na majibu tunamrudishia kwa Kiswahili. Utafiti tunautaka. Wilaya hizi zina mgodi wa nikeli unaotayarishwa Kabanga, umeme wa maporomoko ya Rusumo, hifadhi mpya ya taifa na mpaka wa nchi mbili jirani. Mambo ya kuchunguza hayaishi, na wanaopaswa kunufaika kwanza ni watu wa hapa.

Malalamiko yetu ni juu ya namna mnavyowaingiza kazini watu wapya. Mhadhiri msaidizi anaajiriwa, anapewa vipindi vya kufundisha na kuambiwa atafute fedha za utafiti. Ofisa anahamishiwa kurugenzi ya utafiti kutoka idara nyingine, anaonyeshwa kabati la mafaili na kuachwa. Mafunzo elekezi wanayopewa watumishi wapya wa umma yanahusu sheria za utumishi, maadili, haki na wajibu. Ni mazuri, lakini hayamfundishi mtu jinsi ya kuendesha mradi wa utafiti kuanzia kibali hadi mrejesho. Hayo wanakuja kujifunzia kwetu, na gharama ya kujifunza kwao tunailipa sisi.

Tuanze na barua, maana barua ndiyo mlango. Mtafiti wa kigeni hupitia COSTECH, tume iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Utafiti wa afya ya binadamu una njia yake kupitia NIMR, na wa wanyamapori kupitia TAWIRI. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina waraka wa serikali wa tarehe 4 Julai 1980 unaompa Makamu Mkuu mamlaka ya kuwatolea vibali watumishi na wanafunzi wake. Vyuo vingine vina taratibu zao. Baada ya hapo barua hushuka mkoani, ikaenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kwa mtendaji wa kata, hadi kijijini. Ngazi hizi hazijaandikwa kwenye mlango wa ofisi yoyote, kwa hiyo ni lazima mtu mpya afundishwe.

Asipofundishwa, haya ndiyo tunayoyaona. Barua imeelekezwa kwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Kagera, lakini kijiji kilichotajwa ndani yake kiko Chato. Chato ilimegwa kutoka Biharamulo, na tangu mwaka 2012 iko Mkoa wa Geita. Ofisa wa chuo alinakili barua ya zamani, akabadilisha jina la mtafiti na tarehe, basi. Nyingine inaomba ruhusa ya kuingia Pori la Akiba la Burigi, wakati eneo hilo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato tangu 2019 na msimamizi wake ni mwingine. Mhadhiri kijana anakaa kwenye benchi la ofisi ya kata siku mbili akipiga simu chuoni, na simu haipokelewi kwa sababu aliyeandika barua yuko likizo na hakuna mwingine anayelijua faili. Nyumba ya wageni inamdai. Vijana watano aliowaita kwa kazi wameacha mashamba yao na wamekaa naye. Mtendaji wa kijiji akimruhusu aanze kwa huruma, likitokea tatizo ni yeye atakayeulizwa na wilaya. Huruma hiyo msituombe tena.

La pili ni fedha, na hapa ndipo tunapoumia zaidi. Mtafiti mpya anachukua masurufu chuoni bila kuelezwa atayarejeshaje. Akifika huku anagundua kwamba bodaboda wa Rulenge hana mashine ya risiti ya EFD, mama anayempikia chakula hana, na mwenye mtumbwi hana. Mhasibu alimwambia alete risiti za EFD tu. Hakuambiwa mapema kama kuna fomu ya malipo kwa mtu asiye na mashine, inayoweza kushuhudiwa na mtendaji wa kijiji. Basi anafanya moja kati ya mawili: anachelewesha malipo hadi arudi chuoni akaulize, au anatusainisha karatasi ambayo sehemu ya kiasi iko wazi, akisema ataijaza akifika. Miongoni mwetu wapo waliosaini karatasi za namna hiyo na hawajui hadi leo kiliandikwa kiasi gani juu ya majina yao. Chuo hatukitaji, maana nia yetu si kumwaibisha mtu. Lakini karatasi hizo ziko kwenye mafaili ya mradi, na siku mkaguzi atakapozifungua, mwenye saini ndiye atakayetafutwa.

Kuna pia suala la akaunti. Ofisi mpya ya mradi inataka kila msaidizi alipwe benki kwa jina lililo kwenye kitambulisho cha NIDA. Ngara ni mpakani. Uhakiki wa uraia ni mkali, na kitambulisho humchelewea mtu hata kama babu yake amezikwa hapa. Mhadhiri aliyefundishwa angejua hili kabla ya kuandika bajeti, na angekubaliana na mhasibu njia halali ya kumlipa mtu huyo. Angejua pia kwamba mkalimani ni mtu wa kulipwa. Katika bajeti nyingi tunazoonyeshwa, dereva yupo, mafuta yapo, karatasi zipo, lakini mkalimani hayupo. Anayeifanya kazi hiyo anaambiwa atapewa "chochote".

Ratiba nayo ina shida zake. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, nasi tunaujua kwa wingi wa magari ya watafiti yanayoingia Mei na Juni, watu wakiwa kwenye mavuno ya maharage. Ofisa wa utafiti aliyezoea kazi angeanza kusukuma fedha Oktoba.

La tatu ni ridhaa, na tunawaomba mlisome hili polepole. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakakaa kwenye kambi ya Benaco, wilayani Ngara. Tangu hapo Ngara imekuwa wilaya ya kuhesabiwa na kuhojiwa. Januari 2025 ugonjwa wa Marburg ulithibitishwa Biharamulo. Hadi ulipotangazwa kwisha mwezi Machi, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa kumi, wawili wakiwa wamethibitishwa maabara na wanane wakidhaniwa, na wote walifariki. Katika vijiji vidogo, mgonjwa mmoja anajulikana kwa familia yake, kisima chake na njia yake ya kwenda sokoni. Ukiandika "mwanamke mjane, kitongoji fulani, aliyempoteza mume Januari", umeshamtaja, hata kama jina hukuliandika.

Sasa anakuja kijana mwenye dodoso kwenye simu na fomu ya ridhaa ya kurasa nne kwa Kiingereza. Anatwambia tuwatafsirie wanakijiji papo hapo, mlangoni kwa mfiwa. Ukimuuliza majibu yatahifadhiwa wapi, nani atayaona, yatafutwa lini, anasema hilo ni la ofisi. Ukiipigia ofisi, inasema hilo ni la mtafiti. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekuwa ikitumika tangu Mei 2023, na taarifa za afya ya mtu zina ulinzi wa pekee humo. Mtu anayeajiriwa leo kwenye ofisi ya utafiti bila kufundishwa sheria hiyo anawekwa kwenye hatari yeye mwenyewe, na watu wetu pamoja naye.

Mrejesho tutausema kwa ufupi: hauji.

Tunayasema haya sasa kwa sababu wakati wenyewe ni huu. Kwa mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, vyuo vya umma vinajenga kampasi mpya na kuwasomesha wahadhiri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi hapa hapa Kagera, karibu na Bukoba. Watumishi wapya watakuwa wengi, na Ngara na Biharamulo zitakuwa jirani zao.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo. Mhadhiri mpya asipewe barua ya kwenda kijijini, na ofisa mpya asiruhusiwe kuiandika, kabla hawajapitia mafunzo elekezi ya utafiti. Mafunzo hayo yahusu ngazi za vibali, mipaka ya wilaya na mikoa ilivyo leo, masurufu na malipo kwa watu wasio na risiti, ridhaa, na sheria ya taarifa binafsi. Mhasibu wa mradi akae darasa moja na mhadhiri, wasikilizane humo. Ofisa mpya afanye kazi chini ya mzoefu kwa mzunguko mzima wa mradi mmoja, na kila faili liwe na watu wawili wanaolijua. Kila bajeti iwe na fungu la mkalimani na fungu la mrejesho. Isiyo nayo isisainiwe. Fomu ya ridhaa ije kwa Kiswahili. Karatasi ya malipo yenye nafasi wazi ipigwe marufuku kwa maandishi, na anayeitoa achukuliwe hatua. Wale waliokwisha kuzisaini waonyeshwe nakala zilizojazwa.

Tunadai pia tuwe miongoni mwa walimu wa mafunzo hayo. Watu wa jamii ya San wa Afrika Kusini walitoa mwongozo wao wenyewe wa maadili kwa watafiti mwaka 2017, na mtafiti anayekwenda kwao anatakiwa kuufuata. Sisi hatujafika huko, lakini mtendaji wa kijiji na mkalimani wanaweza kusimama mbele ya wahadhiri wapya kwa siku moja na kuwaeleza kinachotokea barua inapofika ikiwa na makosa. Nauli na posho ya siku hiyo iwekwe kwenye bajeti ya mafunzo.

Majibu ya risala hii tunaomba yaje kwa maandishi, kupitia Makatibu Tawala wa Wilaya za Ngara na Biharamulo, kabla bajeti za mwaka ujao wa fedha hazijafungwa. Yatasomwa kwenye mikutano mikuu ya vijiji vyetu.

Ni sisi wasaidizi wa utafiti, wakalimani, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na watendaji wa vijiji,
Ngara na Biharamulo, Kagera.