Mnacheka Matamshi, Halafu Mnataka Kazi Ujerumani

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini ule mkataba wa wafanyakazi Septemba 2024, vijana kibao ninaowajua, Mwingi hadi Wote, wanasaka Kijerumani. Sarufi wanaimeza. Der, die, das wanakuimbia bila kupumua. Sasa mwambie mmoja aongee. Kimya.

Msiniambie ukishapita miaka ishirini ulimi unakauka. Huyo anaogopa kuchekwa, na ni sisi tulimfunza. Mkamba akisema "lais" darasani, jina linamfuata mpaka fomu four. Na nyinyi wenzangu wa video mnajua klipu ya kushrub inavyolipa.

Eti Kikamba hakina r. Sawa, na r ya Wajerumani wengi inatoka kooni, si ya Kiswahili wala ya Kiingereza, kwa hivyo hapo sote tunaanza sufuri. Upande wa vokali tuko mbele hata: Kikamba kina saba, na ukivuta moja maana inaweza kugeuka. Kijerumani ni vivyo hivyo. Staat ni dola, Stadt ni mji, na tofauti ni huo mvuto tu. Susu yako kule Kibwezi angeisikia mara moja.

Mtihani wa Goethe wa B1 una sehemu nne, kila moja inataka alama 60 kwa 100, na kuongea ni moja yazo. Ukinyamaza hapo, umeanguka na ada umelipa.

Kwa hivyo ongea vibaya leo, hata kwa matatu ya Emali. Na wewe unayemrekodi, weka simu mfukoni.